Miwani ya Wakaguzi

Hudhaifa alisimamisha pikipiki mbele ya mlango wa maabara na hakuzima injini. Shingoni alikuwa amening'iniza kamba za mpira za kufungia mizigo.

"Mwalimu, lete sanduku," akasema.

Ochwo alikuwa akimimina soda kali, dawa ya maabara inayobabua ngozi, kutoka kwenye chupa kubwa na kuigawa katika vichupa vya mezani, akiishika chupa kwa mikono miwili, mbali na uso. Hakujibu mpaka alipomaliza na kufunga kizibo.

"Sanduku linaondoka kesho. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Imebadilika. Wakaguzi wanaanza na shule ya Kwapa leo. Wamepiga simu jana jioni. Mimi nafika Kwapa mbele yao ama nakula maneno."

"Nina praktiko ya kemia sasa hivi, Hudhaifa. Darasa zima la mtihani."

"Mimi najua praktiko? Mimi nabeba tu. Juzi nimebeba kutoka Buhehe, leo nabeba kwenda Kwapa, kesho wataniambia Nagongera. Hiyo sanduku imetembea kushinda mbunge."

Sanduku lenyewe lilikuwa la mbao, limepakwa rangi ya kijani, na ndani yake mlikuwa na miwani ya maabara ya kutosha darasa moja, glavu, kisanduku cha huduma ya kwanza, na chupa laini ya plastiki ya kuoshea macho. Mtungi mwekundu wa kuzimia moto ulisafiri pembeni, kwa kuwa haukuingia. Wenye shule za binafsi za upande ule walikuwa wamevinunua vitu hivyo kwa ushirika, na kila wakaguzi walipoanza ziara yao, sanduku liliwatangulia. Shule iliyokuwa zamu yake ilifunga kwenye mtungi kadi yenye nembo yake kwa waya, ikatundika miwani ukutani, ikangoja wageni. Wageni wakiondoka, waya ulikatwa. Sindano ya mtungi ilikuwa imelala kwenye alama nyekundu miaka mingi, lakini hakuna aliyekuja kuzima moto.

Ochwo mwenyewe ndiye aliyefunga kadi ya shule juzi. Jana mkaguzi mmoja, mzee mwenye koti la kaki, aliichukua miwani iliyovunjika kona, akaigeuzageuza, akatabasamu.

"Hii tumekwisha kuonana nayo mahali," alisema.

Kisha akaweka alama kwenye karatasi yake, akaenda kunywa soda ofisini.

Ndani ya maabara alikuwapo msichana mmoja tu, Hajarah, kiranja wa somo. Tangu kengele ya asubuhi alikuwa akifuta miwani kwa kitambaa na kuipanga mezani. Moja alikuwa ameivaa machoni, mkanda juu ya mtandio wake, akasahau kuivua. Alisikia maneno yote ya mlangoni.

"Kwa hiyo tumekuwa mafundi wa kuchomelea siku moja tu, mwalimu?" akauliza.

"Endelea kufuta," Ochwo akamwambia. "Haiendi."

Kelele za injini zilimleta mkuu wa shule. Benard Edimu alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakupenda kuonekana akigombana mbele ya wanafunzi. Alimshika Ochwo kiwiko, akamsogeza kando ya mlango.

"Bwana Ochwo, mpe kijana sanduku aende."

"Mkuu, leo wanapasha moto chumvi na soda kali. Ile kitu ikichemka vibaya inaruka. Aniachie mpaka saa sita."

"Saa sita wakaguzi watakuwa wamekwisha kuingia Kwapa. Wakikuta ukuta mtupu, mwenye shule ya Kwapa atauliza nani amechelewesha. Nitamwambia nini?"

"Basi niwafundishe kwa chaki. Praktiko tufanye wiki ijayo."

"Wiki ijayo kuna fizikia humu, halafu mitihani ya majaribio. Umekwisha changanya dawa, chumvi umegawa. Na wazazi nimewaambia watoto wao wanafanya praktiko kila wiki." Edimu alitazama foleni ya wanafunzi iliyokuwa imeanza kujipanga kwenye kivuli cha ukuta. "Miaka yote uliyofundisha hapa, miwani ilikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Nani ameumia?"

Ochwo aliyakumbuka mashati yaliyotoboka, vidole vilivyobabuka, msichana aliyewahi kuvuta asidi mdomoni kwa mrija kwa sababu pampu za kuvutia hazikuwepo, akatema na kusukutua mpaka mate yakaacha kuwa machungu. Alijua kwamba Edimu hayahesabu hayo. Alimkumbuka pia mwalimu wa biolojia aliyekataa kupasua panya bila glavu. Mwalimu yule sasa alikuwa akiuza vocha za simu karibu na stendi ya malori, na alikuwa mwalimu mzuri.

"Niachie chupa ya macho tu," akasema. "Chupa moja."

"Imo kwenye orodha yao. Wataitafuta." Edimu alimwachia kiwiko. "Wewe ni mtu makini, Ochwo. Waangalie vizuri tu."

Hajarah alikusanya miwani aliyoifuta, akairudisha sandukuni moja baada ya nyingine. Alipofika mwisho, Hudhaifa alimnyooshea kidole usoni.

"Dada, na hiyo."

Aliivua. Ilimwachia alama ya duara kuzunguka macho, na wenzake waliokuwa wakiingia wakamcheka wakimwita bundi. Naye akacheka. Pikipiki ikaondoka na sanduku likiwa limefungwa nyuma, na mtungi mwekundu ukiwa mbele, katikati ya mapaja ya Hudhaifa, kama mtoto.

Maabara ile ilijengwa kuwa stoo ya mahindi. Meza zilikuwa ndefu, zimekaribiana, na wanafunzi walisimama pande zote mbili wakitazamana. Bomba lilikuwepo, limeunganishwa vizuri ukutani, lakini maji hayakuwahi kufika. Ochwo alikuwa na desturi ya kujaza dumu kubwa kisimani kabla ya kila praktiko na kuliweka pembeni, na hakuna aliyeruhusiwa kulitumia hata kwa kunawa.

Aliwapanga kama alivyowapanga siku zote.

"Mdomo wa mrija wa majaribio uelekee ukutani. Sio kwako, sio kwa mwenzako. Unapasha pembeni, unatikisa taratibu. Ukiona inataka kupanda, toa kwenye moto. Harufu unaivuta kwa kiganja, hupeleki pua. Nimeeleweka?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Ikiring, nimesema nini?"

"Mdomo uelekee ukutani, mwalimu."

"Na nani amesimama upande wa ukuta?"

Darasa lilicheka, kwa kuwa upande wa ukuta pia ulikuwa na meza, na kwenye meza ile walikuwapo watu. Ochwo alijaribu kuwasogeza, wakabanana, wakaacha nafasi isiyomtosha hata mtu mmoja. Akaona hakuna njia. Aliwaambia waanze kwa zamu, meza moja kwanza nyingine zingoje, lakini saa ya somo ilikuwa fupi, na waliongoja walianza kuwasha taa zao za spiriti kimyakimya. Alipokuwa anazima taa ya meza ya mbele, ya nyuma iliwaka.

Vishikio vya mirija havikutosha. Wengi walikunja karatasi za daftari zikawa ukanda, wakashikia hizo. Ikiring alikuwa mmoja wao. Alikuwa kijana mtulivu kutoka upande wa Kwapa, mkono wake hautetemeki, na alifanya kama alivyoambiwa: alipasha pembeni, akatikisa. Ila karatasi yake ilishika moto. Alishtuka, akageuza mkono ili asiungue, na mrija ukageuka pamoja na mkono, wakati uleule ambao soda ilichemka ghafla na kuruka.

Hajarah alikuwa upande wa pili wa meza ameinama, akisaidia kundi lake kusoma rangi ya karatasi ya majaribio.

Hakupiga kelele. Aliinua mikono yote miwili usoni, akasema, "Mwalimu, sioni," kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo.

Ochwo alimfikia akiwa tayari amebeba dumu. Alimlaza kwenye benchi, akamwambia mwanafunzi mwenzake, Tracy, amshike kichwa kando, akamfungua kope kwa vidole na kumimina. Maji mengi yalikwenda masikioni na kifuani. Jicho la kulia lilifunguka. La kushoto lilikuwa limekazwa kama ngumi, na kila alipolifungua lilijifunga tena.

"Fungua, Hajarah. Fungua uangalie dari."

"Linaungua, mwalimu."

"Najua. Fungua."

Dumu lilikwisha upesi kuliko alivyofikiri. Alimtuma Tracy jikoni. Mpishi alikataa kutoa maji ya maharage mpaka aambiwe na mkubwa, na Tracy akamdanganya kwamba mkubwa ndiye aliyemtuma. Alirudi na beseni nusu. Hilo nalo likaisha. Ikiring alikuwa amesimama palepale, karatasi iliyoungua bado mkononi, akirudia neno moja: "Niliangalia. Niliangalia."

Ochwo alimwacha Hajarah kwa metroni wa shule, Madamu Loy, akakimbia ofisini kuomba gari. Pikapu ya shule ilikuwa imeegeshwa chini ya mti, ikisubiri kwenda kuchukua unga.

"Mwache kwa metroni apumzike," Edimu alisema. "Apewe panadol. Tukiona jioni hajambo, yamekwisha."

"Ni soda kali, mkuu. Haichomi ikaacha. Inaendelea kuingia ndani. Anatakiwa hospitali ya macho, Tororo, sasa hivi."

"Hospitali wataandika. Wakiandika, wilaya itauliza." Edimu alisimama, akafunga mlango wa ofisi. "Jana tu wamekagua hapa. Jana, Ochwo. Wametupa alama nzuri. Leo mtoto anaingia hospitali na jicho. Unajua tutaonekanaje?"

"Nitampeleka kwa boda mwenyewe."

Ochwo alimfahamu Edimu: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake wawili katika shule hiyohiyo, na mwenye shule alimpigia simu kila jioni kumuuliza habari za kila jambo, hata za mabati yaliyolegea. Hatimaye alichukua ufunguo kwenye msumari.

"Loy ataenda nawe," akasema. "Mtu akiuliza, Loy atajibu. Wewe shughulika na mtoto."

Ochwo aliporudi alimkuta Hajarah amekaa kitandani kwa metroni, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe kisafi, macho yote mawili yamefunikwa. Loy alikuwa amemfunga kwa upole, kwa fundo zuri, kama alivyofunga vidonda vyote vya shule ile.

"Upepo usimpige," akaeleza.

Ochwo alikifungua kitambaa. Chini yake jicho la kushoto lilikuwa limeanza kuwa na utando, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Alijaza madumu mawili kisimani. Watu wa foleni ya maji walimpisha walipoiona sura yake.

Walipanda nyuma ya pikapu, Hajarah amelala juu ya magunia matupu, kichwa mapajani mwa Loy. Ochwo alipiga magoti pembeni, akawa anamimina maji kwa kikombe, kidogo kidogo, gari likirukaruka. Barabara ya kwenda Tororo ilijaa malori yaliyokuwa yakingoja kuvuka mpaka, na dereva alitembeza gari kando, kwenye vumbi. Kila gari lilipodunda kikombe kilimgonga msichana kwenye mfupa wa shavu, naye hakulalamika.

Loy alikuwa mwanamke mwenye huruma, na huruma yake ilimfanya azungumze.

"Pole, mwanangu. Mungu atasaidia. Lakini jamani, mwalimu, hii kitu ikifika wilayani tumekwisha. Watafunga kituo cha mtihani. Unafikiri hawatafunga? Watoto wote hawa wa Kidato cha Nne, mtihani uko mlangoni, watapelekwa wapi?"

"Madamu, acha sasa," Ochwo akasema.

"Nasema tu ukweli."

Hajarah alifungua jicho la kulia.

"Wanaweza kufunga kweli, madamu?"

"Kwa nini washindwe?"

"Shule niliyotoka walifunga," Hajarah akasema. "Mwaka jana. Walikuta jambo, wakafunga kituo katikati ya mwaka. Tukatawanyika. Waliokuwa na ndugu Kampala walipata nafasi. Sisi tulirudia mwaka." Maji yalikuwa yakimtiririka shingoni. "Mama alivusha mizigo ya watu mpakani mwaka mzima kwa ajili ya huu mwaka wa kurudia."

"Usizungumze," Ochwo alimwambia. "Angalia juu."

Penye kizuizi cha polisi, askari alinyoosha mkono. Alizunguka gari, akachungulia nyuma.

"Hii ni gari ya mizigo," akasema. "Mbona mmebeba watu?"

"Ni mgonjwa, afande," dereva akajibu.

"Mgonjwa anabebwa na ambulensi."

"Afande, mtoto amemwagikiwa na kemikali machoni," Ochwo akasema bila kuacha kumimina. "Tunakwenda hospitali."

"Na wewe ni daktari?"

"Mimi ni mwalimu wake."

"Kama ni mwalimu, kwa nini humwagi maji chini ya gari? Unaniloweshea viatu." Askari alirudi nyuma hatua moja, akatazama viatu vyake, kisha akamwita dereva washuke pembeni wazungumze. Walizungumza muda mrefu. Dereva aliporudi alikuwa na uso wa mtu aliyeachwa bila chakula cha mchana. Dumu la kwanza lilikuwa limekwisha, na la pili limebaki chini ya nusu.

Hospitali ya macho ilikuwa safi na kimya, na watu wake hawakupoteza muda. Mganga mwanamke kijana, aliyejitambulisha kwa jina la Amongin, aligusa machozi ya Hajarah kwa kipande cha karatasi, karatasi ikageuka rangi, akaagiza chupa za maji ya dripu. Walimlaza, wakaliacha dripu limwagike jichoni kupitia mpira mwembamba. Kila baada ya chupa aligusa tena kwa karatasi. Ochwo aliifahamu ile karatasi. Ndiyo hiyohiyo aliyokuwa akiwagawia wanafunzi asubuhi, na hakuhitaji kuambiwa maana ya rangi yake.

Baadaye Amongin aliwaita yeye na Loy koridoni.

"La kulia litapona," akasema. "La kushoto, kioo cha jicho kimeungua. Anaweza kubaki anaona mwanga na kivuli cha mtu. Zaidi ya hapo siwezi kuwaahidi. Kuna upasuaji wa kupandikiza, lakini haufanyiki hapa, na sijui lini atapata." Alivua glavu zake. "Mlichelewa kumwosha?"

"Tulimwosha," Ochwo akasema. "Maji yaliisha."

"Maabara haina bomba?"

"Bomba lipo."

Amongin alimgeukia Loy.

"Na miwani ya kujikinga hamna?"

"Ipo," Loy akajibu upesi. "Wakaguzi wameiona jana. Imeandikwa."

"Alikuwa ameivaa?"

"Watoto wa siku hizi, daktari," Loy akasema, na akashusha pumzi. "Unamwambia, anakuangalia tu."

Ochwo alifungua mdomo. Wakati huo simu yake ililia, akatoka nje kuipokea, na aliposimama kwenye jua alijua kwamba alitoka kwa sababu alitaka kutoka.

Alikuwa Edimu. Sauti yake ilikuwa shwari.

"Nimezungumza na mwenye shule. Hudhaifa analeta sanduku usiku huu, Kwapa wamekwisha maliza. Watu wa wilaya wakija watakuta kila kitu mahali pake. Na mama wa mtoto nimempigia. Nimemweleza kwamba mtoto aliivua miwani wakati wa somo. Kwa bahati mbaya. Sikumlaumu sana."

"Mkuu, hakuna aliyekuwa na miwani."

"Nani atasema hivyo?"

"Darasa zima."

"Darasa zima lina mtihani, Ochwo. Na wewe ndiye uliyekuwa ndani ya chumba. Ukisema miwani haikuwepo, watauliza mwalimu gani anawasha moto na soda kali bila miwani. Hawataniuliza mimi. Mimi nilikuwa ofisini. Sikutishi. Nakusaidia kufikiri."

Ochwo alikaa kwenye ngazi za hospitali. Mbele yake ule mwamba mkubwa wa Tororo ulikuwa umesimama juu ya mji, mwanamke mmoja akimwongoza mume wake mzee mwenye bandeji machoni, akimwambia, "Kuna jiwe. Inua mguu." Ochwo alikuwa amesoma ualimu kwa kulima viazi vya watu likizo zote. Aliwaza kwamba alichokijua kuhusu soda kali leo hakikumsaidia mtu yeyote. Kila neno alilomwambia Edimu asubuhi lilikuwa sahihi, na baada ya kulisema aliwasha taa ya spiriti.

Hapo aliamua. Hangengoja wilaya wala mwenye shule. Angemwambia mama mzazi, ana kwa ana, mambo yote mawili: kwamba miwani ilichukuliwa, na kwamba yeye aliendelea na somo. Akifukuzwa, afukuzwe. Aliinuka akiwa na wepesi kidogo mwilini, akarudi wodini.

Mama yake Hajarah alikuwa amekwisha fika. Latifah alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, na gauni lake lilikuwa na vumbi la unga upande mmoja, pale anapobebea magunia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika mguu wa binti yake. Loy alisimama dirishani. Latifah alipomwona Ochwo aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kupiga goti kidogo, kama wanawake wa kule wanavyowasalimu watu wanaowaheshimu.

"Mwalimu, shikamoo. Ndiye wewe umemleta?"

"Marahaba, mama. Ndiye mimi."

"Wameniambia umemwagia maji njia nzima. Mpaka umeloa." Alimgusa mkono wa shati. "Mungu akulipe. Na unisamehe. Nisamehe sana, mwalimu. Hedmasta ameniambia yote. Shule inanunua vitu vizuri, mnawavalisha, halafu mtoto anavua. Huyu ni mkaidi tangu mdogo. Hata mtandio, nikigeuka, ameutoa."

"Mama Hajarah," Ochwo akasema. "Sikiliza. Nataka nikuambie ilivyokuwa."

"Niambie, baba. Hata kama ni mbaya, niambie."

"Asubuhi ile, kabla ya somo..."

"Niliivua, mama."

Wote watatu waligeuka. Hajarah alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto. Upande wa kushoto wa uso ulifunikwa pamba nene. Alizungumza polepole, kwa sauti kavu.

"Mwalimu ananifichia tu. Alituambia tuvae. Ilikuwa inanibana, na wenzangu walikuwa wananicheka, wananiita bundi. Nikaivua, nikaiweka mezani. Mwalimu alikuwa meza nyingine. Hakuniona."

"Hajarah," Ochwo akasema.

"Ndivyo ilivyokuwa, mwalimu. Na kila mtu darasani aliona."

Loy aligeuka akatazama nje. Latifah alimtazama binti yake, akainua mkono kama anayetaka kumpiga, halafu mkono ukashuka juu ya blanketi na kuanza kulinyoosha mahali palipokuwa pamenyooka tayari.

"Umesikia, mwalimu?" akasema. "Kwa mdomo wake mwenyewe."

Jicho la kulia la Hajarah lilikuwa jekundu, linatoa machozi, lakini lilikuwa wazi. Lilimtazama Ochwo na halikutoka kwake. Hakuwa anamwomba. Alimtazama vile alivyomtazama darasani alipokuwa amekwisha kulipata jibu na anangoja tu mwalimu akubali.

"Mtihani ataufanya?" Latifah aliuliza. "Jicho moja linatosha kuandikia?"

"Linatosha, mama," Hajarah akasema.

"Sikuulizi wewe. Namuuliza mwalimu."

"Linatosha," Ochwo akasema.

Latifah aliitikia kwa kichwa mara nyingi, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Basi akirudi, mpeni adhabu yake kama mnavyowapa wengine," akasema. "Msimhurumie kwa sababu ya jicho. Ajifunze kutii."

"Sawa, mama," Ochwo akasema.